Vidato vya elektroni

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, walimu na wazazi wao, Pangani

Mkuu wa Shule, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, na ninyi wanangu mliokaa sakafuni kwa kuwa viti havikutosha: asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na hamjambo.

Naona mnayatazama mablanketi yaliyotundikwa madirishani. Yana kazi yake, tutayafikia.

Nianze na neno mnalolitamka kila siku. Mtu akikuuliza masomo umefika wapi, unajibu: niko kidato cha tatu. Neno hilo halikuzaliwa darasani, limeteremka mnazini. Kidato ni mkato anaouchonga mkwezi kwenye shina la mnazi ili apate pa kukanyaga. Wamo humu wazazi waliosomesha watoto kwa kazi ya kukwea, nao ni mashahidi wangu: mguu wa mkwezi ama uko kidato cha pili, ama uko cha tatu. Katikati hapana pa kusimama. Kupita utapita, kukaa huwezi.

Elektroni ndani ya atomi nayo ina vidato vyake. Vitabu vinaviita ngazi za nishati, na ni jina zuri, lakini mimi leo nitasema vidato, kwa sababu hilo ni neno letu na linabeba maana yote ninayoihitaji. Nataka tuvihesabu vidato hivyo: kila kimoja kiko wapi, na kati ya kimoja na kingine pana nafasi gani. Tutatumia sehemu, vipeo vya pili, kutoa, na kuhamisha herufi ndani ya mlinganyo. Hayo yote mmeshafundishwa, na sitaongeza somo jipya la hesabu. Nina ombi moja tu, nalo nitalirudia mpaka mlichoke: msikimbilie desimali. Acheni sehemu ziwe sehemu, acheni herufi ziwe herufi, mpaka zimalize kusema.

Nasema hivyo kwa uchungu kidogo. Mimi nilipokuwa kwenye viti kama vyenu niliandikiwa ubaoni "−13.6 gawanya kwa n kipeo cha pili" nikaambiwa nikariri, mtihani unakuja. Nikakariri, nikafaulu. Ilinichukua miaka kugundua kwamba nilikuwa nimebeba sanduku la dhahabu bila kulifungua, na kwamba ufunguo wake nilikuwa nao tangu shule ya msingi.

Twendeni jikoni kwanza. Mama anachemsha maji yenye chumvi kwenye jiko la gesi. Maji yanafurika, yanamwagikia moto, na ule mwali wa buluu unageuka manjano mara moja, kisha unarudi. Manjano ile ni ya sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Leta chumvi ya hapa pwani, leta ya Uvinza, leta ya Ujerumani, manjano ni ile ile: mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa kwa bilioni. Mwaka 1859 na 1860, katika mji wa Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, yule ambaye jina lake limebaki kwenye kichomeo cha maabara yenu, walionyesha kwamba kila elementi ina rangi zake zisizoazimwa na nyingine. Ukiupitisha mwanga wa mvuke wake kwenye kioo cha pembetatu, hupati upinde wa mvua mzima. Unapata mistari michache myembamba, na kati ya mistari ni giza.

Kwa nini mistari? Kwa nini sodiamu isitoe rangi zote, kama makaa? Swali hilo lilikaa zaidi ya miaka 50 bila jibu, na mlango wa jibu ulifunguliwa na mwalimu wa hesabu wa shule ya wasichana.

Chukueni atomi iliyo nyepesi kuliko zote, haidrojeni. Ina protoni moja, ambayo ndiyo kiini chake, na elektroni moja inayokizunguka, basi. Ukiitia ndani ya mrija wa kioo na kuipitishia umeme, hutoa mistari minne inayoonekana vizuri kwa macho: mmoja mwekundu, mmoja wa buluu inayoelekea kijani, na miwili ya zambarau. Msweden Anders Ångström aliipima kwa uangalifu wa ajabu. Nimeiandika ubaoni kwa nanomita:

656.21
486.07
434.01
410.12

Itazameni. Namba hizi zina mpango gani? Ukitoa moja kutoka nyingine unapata 170.14, kisha 52.06, kisha 23.89. Mistari inakaribiana kadiri unavyoshuka, hilo linaonekana, lakini kanuni haionekani. Walikuwapo wanafizikia waliodhani atomi hulia kama uzi wa gambusi, wakatafuta uwiano wa sauti za muziki. Walipata baadhi ya mistari, mingine ikawakataa.

Johann Balmer alizaliwa Uswisi mwaka 1825, na sehemu kubwa ya maisha yake alifundisha wasichana katika mji wa Basel. Hakuwa mwanafizikia. Alipenda namba, na rafiki yake Eduard Hagenbach, profesa wa fizikia katika mji huo huo, alimpa namba hizi nne azishughulikie. Balmer alizigeuza na kuzigeuza hadi akapata namba moja inayozifunga zote: 364.56. Gawanya kila mstari kwa namba hiyo. Anayekimbilia kikokotoo atapata hivi: 1.8, halafu 1.333, halafu 1.190, halafu 1.125. Namba hizo zimenyamaza. Ukikaa nazo mwaka mzima hazitakwambia neno.

Sasa ziandikeni kama sehemu.

9/5, 4/3, 25/21, 9/8.

Hapo kuna jambo linanong'ona. Kiasi cha kwanza ni 9, ambayo ni 3 kipeo cha pili. Cha tatu ni 25, yaani 5 kipeo cha pili. Kati yao ilipaswa kukaa 16, lakini pamekaa 4. Mwishoni ilipaswa kukaa 36, lakini pamekaa 9. Balmer akafanya hesabu ya shule ya msingi: alizidisha 4/3 kwa 4 juu na chini, akapata 16/12. Alizidisha 9/8 kwa 4 juu na chini, akapata 36/32. Thamani haikubadilika hata chembe, sura ndiyo iliyobadilika. Zisomeni tena:

9/5, 16/12, 25/21, 36/32.

Juu: 3, 4, 5, 6, kila moja kipeo cha pili. Chini: 5, 12, 21, 32. Nani ameiona? Ndiyo, binti, sema kwa sauti wasikie. Kila asili ni kiasi chake toa 4. Tisa toa nne ni tano, kumi na sita toa nne ni kumi na mbili, ishirini na tano toa nne ni ishirini na moja, thelathini na sita toa nne ni thelathini na mbili. Kwa herufi, urefu wa wimbi tukauita λ na 364.56 tukaiita b:

λ = b × m² / (m² − 4)

ambapo m ni 3, 4, 5 au 6.

Walimu wenzangu, naomba tulifikirie hili kwa dakika moja. Sisi tunamkata alama mtoto aliyeacha jibu lake likiwa 16/12. Tunaandika pembeni kwa wino mwekundu: rahisisha. Na ni kweli, mara nyingi kurahisisha kunasaidia. Lakini siri ya atomi ya haidrojeni ilionekana pale mtu alipofanya kinyume, alipochukua sehemu iliyokwisha kurahisishwa akairudishia uzito wake. Mtoto anayejua kwamba 4/3 na 16/12 ni kitu kimoja kilichovaa nguo mbili, na anajua lini akivue na lini akivishe, huyo ameshika aljebra. Simaanishi tuache kusahihisha. Namaanisha tumuulize kwanza kwa nini ameacha hivyo.

Balmer alitoa kazi yake mwaka 1885, akiwa na miaka 60. Na hakuishia kwenye mistari minne. Aliweka m kuwa 7, akapata 49/45, yaani mstari wa tano karibu na nanomita 397. Hakuwa na habari kama mstari huo upo. Hagenbach akamweleza kwamba upo, umeshapimwa, na kwamba mingine zaidi imeonekana kwenye mwanga wa nyota nyeupe. Kanuni ikaifuata yote, mmoja baada ya mwingine.

Miaka mitatu baadaye, 1888, Johannes Rydberg wa chuo kikuu cha Lund nchini Sweden alionyesha kwamba jambo hili linasomeka vizuri zaidi likipinduliwa kichwa chini. Badala ya λ, andika 1/λ. Nimeomba vijana wawili wa kidato cha tatu walifanye ubaoni, na wamelifanya bila kusaidiwa:

1/λ = (m² − 4) / (b × m²)

Gawanya kila kipande cha juu kwa m²: inabaki 1 toa 4/m², yote juu ya b. Toa 4 nje ya mabano:

1/λ = (4/b) × (1/4 − 1/m²)

Hiyo 1/4 ni nini? Ni moja chini ya 2 kipeo cha pili. Kumbe ile 4 ya Balmer ilikuwa 2² iliyojificha, na kanuni yote ni kutoa: kitu cha kidato cha 2, toa kitu cha aina ile ile cha kidato cha m. Sehemu ilipokuwa imesimama kwa miguu hatukuona kutoa kwa namna hiyo. Tulipoipindua, ikajieleza.

Tuingize nishati. Max Planck mwaka 1900 na Albert Einstein mwaka 1905 walitufundisha kwamba mwanga husafiri na nishati yake ikiwa imefungwa katika vifurushi, na kifurushi kina nishati kubwa kadiri wimbi lilivyo fupi. Tukipima nishati kwa elektronivolti, hesabu ni nyepesi: gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi ulio katika nanomita. Elektronivolti ni nishati inayopata elektroni moja ikisukumwa na volti moja. Betri ndogo ya tochi, ile ya volti moja na nusu, huipa kila elektroni elektronivolti 1.5. Kwa hiyo hatuzungumzii kitu cha mbali.

Zidisheni basi pande zote kwa 1240. Upande wa kulia panatokea 1240 × 4 ÷ 364.56. Hapa sasa nawaruhusu kikokotoo, maana herufi zimemaliza kazi. Mnapata nini?

13.6.

Hiyo ndiyo namba niliyokaririshwa mimi. Haikushuka kutoka juu. Ilikuwa ndani ya mistari minne ya Ångström na sehemu nne za Balmer. Nishati ya kifurushi cha mwanga ni:

13.6/4 − 13.6/m²

Na hapa tufikie alama ya kutoa, ambayo wengi wenu huiogopa. Kwa nini kitabu kinaandika −13.6/n²? Fikirini deni. Elektroni iliyofungwa kwenye kiini ina deni, na isipolilipa haitoki. Iliyo kidato cha 1 inadaiwa 13.6. Iliyo kidato cha 2 inadaiwa 13.6 gawanya kwa 4, ambayo ni 3.4. Kidato cha 3 inadaiwa 1.51, cha 4 inadaiwa 0.85, cha 5 inadaiwa 0.54. Kadiri inavyopanda deni linapungua, na kule juu kabisa deni ni sifuri, elektroni iko huru, haina habari tena na kiini. Hasi maana yake ni hiyo tu: bado ina deni. Kwa hiyo elektroni ikishuka kutoka deni la 1.51 kwenda deni la 3.40, deni limeongezeka kwa 1.89. Nishati hiyo haipotei, inatoka nje kama mwanga. 1240 gawanya kwa 1.89 ni 656. Ule mstari mwekundu ni elektroni inayoshuka kutoka kidato cha tatu kwenda cha pili.

Tazameni pia umbo la mnazi huu, maana hapa mkwezi wa kweli angeshangaa. Yeye huchonga vidato vyake kwa nafasi zinazokaribia kulingana, apate kukanyaga vizuri. Hivi vya elektroni haviko sawa. Kutoka cha kwanza hadi cha pili ni mruko wa 10.2. Kutoka cha pili hadi cha tatu ni 1.89. Kutoka cha tatu hadi cha nne ni 0.66. Juu huko vinabanana hadi huwezi kutia unywele. Ndiyo sababu mistari ya Ångström ilikuwa inakaribiana.

Na mwanga ukitaka kuipandisha elektroni kutoka kidato cha 1 hadi cha 2 lazima ulete 10.2 kamili. Fikirini konda asiye na chenji wala huruma: ukimpa 10 hupandi, ukimpa 10.4 hupandi pia. Kifurushi hicho kitapita atomi kama hakikuiona. Mruko huo wa 10.2 unatoa wimbi la nanomita 122 hivi, ambalo jicho haliwezi kuliona, na Theodore Lyman wa Harvard alianza kuikamata mistari ya ukoo huo, yaani ile inayoishia kidato cha 1, mwaka 1906. Friedrich Paschen alipata ukoo unaoishia kidato cha 3 mwaka 1908, upande wa pili, chini ya mwekundu. Koo zote mbili zilikaa mahali ambapo sehemu zilisema zitakaa.

Lakini mwanafunzi mkaidi, na mimi nawapenda wakaidi, atasema: mwalimu, umetuonyesha kwamba ni hivyo, hujatuonyesha kwa nini. Sawa kabisa. Balmer hakujua kwa nini, Rydberg hakujua. Aliyejibu alikuwa kijana wa Denmark mwenye miaka 27, Niels Bohr. Mwanzoni mwa mwaka 1913 rafiki yake Hans Hansen alimuuliza nadharia yake ya atomi inasemaje kuhusu mistari ya spektra, yaani mistari hii ya rangi, akamtaja Balmer. Bohr alisimulia baadaye kwamba alipoiona kanuni ile tu, mambo yote yalimfungukia.

Nitaandika mistari mitatu. Fuateni herufi, msiweke namba. Hapa m si ile ya Balmer, ni tungamo la elektroni; v ni kasi yake, e ni chaji yake, r ni nusukipenyo cha njia yake, na k ni namba isiyobadilika ya mvuto wa umeme.

Kwanza, elektroni inayozunguka kiini inashikiliwa na mvuto wa umeme, na mvuto huo ndio unaoipindisha njia yake. Kwa hiyo ke²/r² ni sawa na mv²/r. Zidisha pande zote kwa r:

mv² = ke²/r

Nishati ya mwendo ni nusu ya hiyo, ke²/2r. Nishati tuli, ile inayotokana na mahali elektroni ilipo, ni −ke²/r. Jumlisha nusu moja na hasi nzima moja, unabaki na hasi ya nusu:

E = −ke²/2r

Pili, sharti alilolileta Bohr, na hili ndilo pekee geni: tungamo mara kasi mara nusukipenyo haliwezi kuwa namba yoyote tu. Ni lazima liwe namba nzima mara ħ, yaani namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π. Kwa herufi, mvr = nħ. Hiyo n ndiyo kidato. Pata v kutoka hapo, ni nħ/mr, kaiweke kwenye mlinganyo wa kwanza. Upande wa kushoto unakuwa n²ħ²/mr². Zidisha kwa r² kote, gawanya kwa ke²:

r = n² × ħ²/(mke²)

Rundo lile la kulia ni namba moja isiyobadilika, nanomita 0.0529. Iiteni a. Kwa hiyo njia ya pili ina upana mara 4 ya kwanza, ya tatu mara 9. Tatu, rudisha r kwenye nishati:

E = −(ke²/2a) × 1/n²

Thamani ya ke² ni 1.44 kwa vizio vyetu. Gawanyeni kwa mara mbili ya 0.0529, yaani 0.1058. Nani amepata? 13.6. Tena.

Sitaki mlipite hili haraka. Njia moja ilianzia kwenye mwanga wa mrija, kwa kupima rangi. Njia nyingine ilianzia kwenye uzito wa elektroni, chaji yake na namba ya Planck, bila kutazama rangi yoyote. Zimekutana mlangoni pa namba moja. Bohr mwenyewe, kwa vipimo vya siku zake, alikokotoa 3.1 pale ambapo majaribio yalisema 3.29, katika vizio vya mtetemo alivyotumia. Tofauti hiyo ilitokana na vipimo vya e, m na namba ya Planck ambavyo bado havikuwa vizuri. Herufi zilikuwa sahihi kabla ya namba kuwa sahihi.

Kuna kisa kimoja zaidi nisichoweza kukiacha. Mwaka 1896 Edward Pickering aliona kwenye nyota iitwayo Zeta Puppis, ambayo sisi wa kusini tunaiona vizuri, mistari iliyofanana na ya haidrojeni ila ilihitaji m ya Balmer iwe na nusu: mbili na nusu, tatu na nusu. Mwaka 1912 Alfred Fowler akaipata mistari ya namna hiyo London, ndani ya mrija wenye haidrojeni na heliamu. Nusu kidato! Bohr akasema hapana, hiyo si haidrojeni. Ni heliamu iliyopoteza elektroni moja. Kiini chake kina protoni mbili, kwa hiyo kila mahali palipo na e² panaingia 2e², na kwa kuwa ke² inatokea mara mbili katika nishati, mara moja juu na mara moja ndani ya a, matokeo yanazidishwa kwa 4. Sasa 4/n² ni sawa na 1/(n/2)². Weka n kuwa 5, unapata mbili na nusu. Nusu kidato haikuwapo kamwe. Ilikuwa sehemu iliyoandikwa kwa nguo nyingine.

Fowler hakukubali kirahisi. Alipima akasema uwiano si 4, ni 4.0016. Wengi wangesema tofauti ndogo hiyo ni makosa ya kipimo. Bohr alirudi kwenye herufi m, tungamo la elektroni. Alikuwa amedhani kiini kimetulia tuli, kumbe nacho hutikisika kidogo elektroni inapokizunguka. Ukirekebisha, badala ya m unaweka mM/(m+M), ambapo M ni tungamo la kiini. Kiini cha heliamu ni kizito karibu mara nne kuliko cha haidrojeni, kwa hiyo hakitikisiki sana kama cha mwenzake, na uwiano unatoka 4.00163. Fowler akakubali. Ninapofundisha kisa hiki huwa nasimama kidogo, kwa sababu waliokuwa wanabishana walipima hadi nafasi ya nne ya desimali, na aljebra ya kidato cha tatu iliwafuata hadi huko.

Haki inanitaka niseme pia pale kanuni hii inapochoka. Inasema kweli kwa atomi yenye elektroni moja. Weka elektroni mbili, zinaanza kusukumana, na hesabu hii haitoshi. Manjano ya chumvi, mruko wa elektronivolti 2.1, huipati kwa 13.6/n². Na ile picha ya elektroni inayozunguka kama mwezi iliondolewa mwaka 1925 na 1926 na kazi za Heisenberg na Schrödinger. Lakini kwa haidrojeni, nadharia mpya ilipomaliza hesabu zake nzito, vidato vilitoka vile vile: −13.6/n². Picha ilibadilika, vidato vilibaki.

Sasa kazi. Kila mmoja achukue karatasi aweke m ya Balmer kuwa 3, 4, 5 na 6, na aandike urefu wa wimbi wa kila mstari kabla hajaona chochote. Anzeni na sehemu. Halafu aongeze m kuwa 7, kama alivyofanya mzee Balmer.

Mmemaliza? Mrija huu ulio mezani una haidrojeni, nimeuazima na lazima urudi Jumatatu ukiwa mzima. Vipande vya CD, ambavyo vitaugawa mwanga kama kile kioo cha pembetatu, vinapitishwa kwa safu, vishikeni kwa ukingo. Mtaona mwekundu kwanza, huo ni wa tatu kwenda pili. Kando yake, mbele kidogo, buluu ya kijani, wa nne kwenda pili. Zambarau ya kwanza itawajia macho yakizoea giza. Ya pili ni hafifu, tulieni. Wa tano siwaahidi, uko kwenye ukingo wa kile ambacho jicho la binadamu linaweza, na lenzi za macho yetu sisi wazee zimeshaingia manjano. Ninyi mna nafasi nzuri kuliko mimi. Atakayeuona aniambie.

Naomba aliye karibu na swichi azime taa.